Risasi za Njiwa

Polisi aliyepokea bunduki ya marehemu Mama Neema alifungua boksi la risasi, akatoa moja, akaisoma ubavuni, kisha akacheka. Sidhani alicheka kwa ubaya. Foleni ilikuwa ndefu na alionekana kuchoka. Lakini alicheka. Akamwonyesha mwenzake wa dirisha la pili, wakasemezana kwa Kizulu kwamba bibi huyu bila shaka alikuwa akiwinda njiwa sebuleni. Neema, aliyekuja kutoka Cape Town kumzika mama yake, alikuwa anatia sahihi karatasi za kukabidhi silaha na hakuinua kichwa. Mimi nilisikia kila neno, maana nimekaa Johannesburg hadi Kizulu nakiota. Ningemjibu pale pale, ila macho ya Neema yalikuwa mekundu na nilitaka tutoke haraka. Basi namjibu hapa, na kwa kirefu, kwa sababu kicheko kile nilikisikia zamani kutoka kwa watu tuliokula nao sahani moja, na sikukikubali hata siku hiyo. Risasi zile hazikuwa za njiwa. Zilichaguliwa kwa makini kuliko watu wengi wanavyochagua mchumba, na mwaka zilipochaguliwa ndio mwaka ulionitoa utotoni, ingawa nilikuwa nimeshajiita mtu mzima.

Ulikuwa mwaka 2015. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani chini ya Mama Neema huko Jeppestown, katika ghorofa ya kwanza ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha viatu. Siku za joto harufu ya gundi na ngozi ilikuwa bado inatoka sakafuni. Mwenye jengo alikuwa amegawanya ukumbi mmoja mkubwa kuwa vyumba kwa kusimamisha fremu za mbao na kuzifunika bodi za jipsamu pande zote mbili, kisha akapaka rangi ya maziwa na kuuita ukuta. Ukitoka kwenye ngazi ulifungua mlango wa mbao, ukaona korido moja iliyonyooka, na mwisho wake ukuta. Mkono wa kulia, karibu kabisa na mlango, kilikuwa chumba cha Mama Neema, chenye ukuta pekee wa matofali, ule wa nje. Mkono wa kushoto ilikuwa karakana yetu ya kushonea sare za shule, na mimi nililala humo humo nyuma ya majora ya vitambaa tuliyonunua kwa Wasomali wa Mayfair. Kilichofuata kilikuwa chumba cha Papa Jeremi, Mkongo mwenzetu aliyelinda maduka Marshalltown na ambaye kwao aliwahi kuwa askari. Na nyuma ya ule ukuta wa mwisho aliishi Espérance, Mrundi, msusi, pamoja na mtoto wake mchanga. Kitanda chao kilikuwa kimeegemea jipsamu ya korido, kwa kuwa upande wa pili ulivuja mvua.

Katika nyumba kama ile hakuna siri. Nilijua Papa Jeremi anasali kwa Kifaransa na kugombana na simu yake kwa Kiswahili. Nilijua mtoto wa Espérance ananyonya saa ngapi, na Espérance anamwimbia wimbo gani akidhani tumelala. Chini, kwenye mlango wa barabarani, tulimsikia MaKhumalo, mama wa hapa hapa Afrika Kusini aliyekaa chumba cha nyuma cha chini na kukaanga magwinya, maandazi ya huku, pale kwenye kizingiti, akibishana na wateja kuhusu ukubwa wa donge. Alikuwa na ulimi. Alilalamika kwamba ndagala, dagaa zetu, zinanukisha nguo zake alizoanika, halafu jioni akapanda kuomba sahani ya ndagala hizo hizo. Neno la Kiswahili alilolijua lilikuwa moja tu, hodi, na alilitumia kututania. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, akalivuta neno hilo kama anaita ng'ombe, na hakuingia mpaka mtu aseme karibu. Papa Jeremi hakumpenda. Alisema siku mambo yakichacha, huyo ndiye atakayewaonyesha njia ya kuja juu.

Bunduki ilikuwa ya mume wa Mama Neema, aliyekuwa mlinzi mwenye leseni mpaka alipofariki. Baada ya kifo ilikaa kwenye ghala la muuza silaha huku mjane wake akisumbuka kutafuta leseni yake mwenyewe. Yeye alikuwa na ukazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ilimruhusu kuomba. Sisi wengine hata kuigusa bila yeye kusimama pale ilikuwa kosa. Alisoma, akafanya mtihani, akafundishwa kulenga, akanunua sefu na kuifunga kwa bolti kwenye ukuta wa matofali, akaja mkaguzi akaitikisa sefu isitikisike. Watu wa kanisani walimuuliza mjane wa Kikristo anataka bunduki ya nini. Akawauliza kama mchungaji wao analala na mlango wazi. Leseni ilitoka mwanzoni mwa mwaka ule, bunduki ikarudi nyumbani imefungwa kwenye blanketi, bila risasi hata moja. Ndipo mjadala ulipoanza, maana kila mtu ghafla alikuwa mtaalamu wa kitu cha kuweka ndani yake.

Nakumbuka chakula cha jioni ile, bugali na sombe, kisamvu chetu chenye mawese mengi, tumekaa karakana kwa sababu ndipo penye meza kubwa ya kukatia. Espérance alikuwa ameondoka mapema kwenda kumlaza mtoto. Papa Jeremi alijua anachokitaka. Alieleza kwamba risasi za bunduki ya namna ile hujazwa marisau, vipande vya risasi vya mviringo, na kwamba kuna zenye marisau madogo kama punje za mtama za kuwindia ndege, zenye marisau makubwa kama njegere yanayoangusha swala, na nyingine zenye donge moja zito ambalo hata nguruwe mwitu halivumilii. Alieleza vizuri, sikatai. Kisha akatoa hukumu yake.

"Mama Neema, miye nimebeba bunduki tangu niko kijana. Hii si kitu ya kutisha mbuzi. Weka masasi kubwa, mutu akianguka asiamuke."

Mama Neema aliinua kidole tunyamaze. Tukanyamaza. Kutoka mwisho wa korido, nyuma ya jipsamu, Espérance alikohoa mara moja, kikohozi kidogo cha mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Umesikia?" Mama Neema akamuuliza. "Ukuta inapitisha kikohozi, Papa Jeremi. Masasi yako kubwa ndiyo itashindwa kupita?"

Papa Jeremi alisema vita si mahali pa kuhesabu kikohozi. Mama Neema akamjibu kwamba hapa si vitani, hapa ni kwake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miguu inayovimba kwa kukanyaga cherehani, na aliposema hapa ni kwake hakuna aliyeweza kuendelea kula. Sefu ilikuwa karibu na mlango wa ngazi, akatueleza. Mtu akivamia na kuingia ndani, yeye atatoka chumbani akiwa nyuma ya mtu huyo, na mbele ya bunduki atakuwepo mtu, kisha ukuta, kisha kitanda cha Espérance. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kesho yake Espérance, ambaye bila shaka alisikia kila kitu kama tulivyomsikia yeye, alikuja karakana na mtoto mgongoni akasimama mbele ya cherehani. "Mama, mimi sina pa kwenda," alisema. "Lakini uniambie ukweli. Ukipiga, mwanangu atapona?" Mama Neema alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nitakuambia nikishajua," akasema, na mimi nikajua kazi ya miezi ile haitakuwa sare peke yake.

Papa Jeremi hakungoja. Wiki ile ile alileta risasi chache ndani ya soksi, nyekundu, nzito, zenye marisau makubwa; alizipata wapi hakusema. Alimwomba Mama Neema ajaribu tu kama zinaingia, na zikaingia sawasawa. Kwake hoja ilikuwa imekwisha: zimeingia, basi ni zake. Huko tulikotoka ndivyo watu wanavyoijua bunduki, kwa mkono na kwa kusikia, na inachomeza ndicho chakula chake. Mama Neema hakuridhika. Alichukua moja, akaniambia nivae viatu, tukaenda kwa mzee Pillay, Mhindi mwenye duka la silaha aliyekuwa amemhifadhia bunduki miaka yote ile. Mzee Pillay alivaa miwani, akaipindua risasi, akatuuliza ni mpumbavu gani ametupa. Kisha akatuonyesha. Kwenye mtutu wa bunduki ile ya zamani pamechongwa urefu wa ganda unaofaa, milimita sabini. Risasi ile ilikuwa ya sabini na sita. Inaingia, alisema, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ikilipuka mkunjo unafunguka, ganda linarefuka, na mahali pa kurefukia hapapo. Moto unakosa njia, na bunduki inaweza kumpasukia mwenye kuishika usoni.

Mama Neema aliuangalia ule mdomo uliokunjwa kwa muda, akaupapasa kwa kidole gumba. "Ni pindo," akaniambia kwa Kiswahili. "Wamekunja pindo." Maisha yake yote alikuwa akikunja mapindo ya sare ndani ili mtoto akirefuka mzazi afumue, hakuhitaji kuelezwa tena. Mzee Pillay alibaki na risasi ile, akatuagiza tumletee na nyingine zote azipeleke kunakostahili, na tangu siku hiyo Mama Neema hakumruhusu mtu kuleta hata ganda tupu ndani ya nyumba. Papa Jeremi alipoambiwa alikunja uso akasema wazungu wanaandika mambo mengi kwenye chuma ili wauze zaidi. Lakini niliona anajigusa shavu.

Swali la Espérance lilikuwa bado linangoja. Mzee Pillay alisema hawezi kulijibu kwa mdomo, akatupa jina la uwanja wa kulenga shabaha nje ya mji na kukubali kuja mwenyewe. Mwenye jengo alikuwa ameacha jipsamu zilizobaki kwenye ngazi ya nyuma. Tulizichukua, tukapigilia fremu tatu kama kuta zetu, jipsamu mbele na nyuma, na Mama Neema akanituma nipime korido kwa futi ya kushonea ili umbali uwe ule ule. MaKhumalo alituona tukizishusha ngazini akauliza kama tunahama. Mama Neema akamjibu kwamba tunaenda kuzipiga kuta risasi, na MaKhumalo akasema alijua tu, watu wa juu wamerukwa na akili, akatupa magwinya ya njiani.

Uwanja ulikuwa vumbi la njano na upepo. Mzee Pillay alipanga fremu moja nyuma ya nyingine kama vyumba vyetu vilivyofuatana, akatufunika masikio. Mama Neema alipiga kwanza ile ya marisau makubwa, ya urefu uliofaa. Yalipita ukuta wa kwanza, yakapita wa pili, yakapita wa tatu, na nyuma yake tukaona vumbi likiruka kwenye tuta la udongo. Ile ya donge moja hakuipiga hata kidogo, akasema ameshaelewa. Kisha akapiga ile ya marisau madogo, ya ndege. Nilikuwa nimeshajiandaa kushangilia. Yalitoboa ukuta wa kwanza pande zote mbili, tundu la kuingiza ngumi, na mengine yakakwama kwenye wa pili. Yaani kitandani kwa Espérance yangefika. Mzee Pillay hakutuficha kitu. Alisema hakuna risasi inayomwangusha mtu mbaya na kumkwepa mtoto, na anayekuuzia risasi kwa ahadi hiyo ni mwongo. Tena hizi ndogo, karibu, zinaweza kuua; na mbali kidogo, mtu mwenye nguo nzito na hasira anaweza kuendelea kuja. Unachagua lawama utakayoweza kuibeba, alisema, na kabla ya yote hulengi kitu usichokiona na usichokijua nyuma yake kuna nini.

Mama Neema alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akila gwinya. Kisha akanituma kwenye gari la kukodi nilete gunia alilolikalia njiani, ambalo mimi nilidhani ni mto. Lilikuwa gunia la vibaki, vile vipande vya vitambaa vinavyobaki ukikata sare, kijivu na buluu na kijani cha shule za Jeppe, ambavyo yeye hakuvitupa kamwe. Tulilishindilia kwa magoti mpaka likawa gumu, tukalisimamisha nyuma ya ukuta wa kwanza, akapiga tena ile ndogo. Ukuta ukatoboka. Gunia likatikisika, na upande wa pili palikuwa safi. Tulilimwaga juu ya turubai tukachambua marisau kwa vidole kama mawe kwenye mchele, mimi na yeye na mzee Pillay amepiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi. Akapiga na ile kubwa kwenye gunia jingine. Lilishika mengi lakini siyo yote. "Basi," akasema Mama Neema, na akanunua lile boksi la zile ndogo.

Jioni ile alimpelekea Espérance gunia lile lenye matundu mbele akaligeuza nyuma, akamwachia alipapase mwenyewe. Alimwambia ukweli kama alivyoahidi: risasi peke yake, hapana, risasi hii na gunia hili, ndiyo, kwa kadiri alivyoona kwa macho yake. Espérance alianza kusogeza kitanda. Kwa juma zima tulishindilia vibaki, hata MaKhumalo akatupa mapazia yake ya zamani, tukapanga magunia mwisho wa korido kutoka sakafuni hadi juu ya kifua cha mtu, na baridi ya Mei ilipokuja chumba kile kilikuwa na joto kuliko vyote.

Na hapo ndipo vicheko vilipoanza. Kwa waumini wenzetu, kwa wateja, kwa marafiki wa Papa Jeremi waliokuja Jumapili kunywa bia, Mama Neema akawa Mama Njiwa. Walimuuliza kama majambazi wataoteshwa manyoya kwanza. Mimi nilikasirika mpaka nikatoboa kidole na sindano. Yeye alisema tu heri nusu shari kuliko shari kamili, akaendelea kukunja mapindo. Leo nikikumbuka nyuso zile za wanaume wenye uhakika, hasira inanirudia ile ile, na sitaki iondoke. Walitaka mwanamke achague silaha kwa kuwapendeza wao. Yeye alichagua kwa kumtazama mtu aliyelala nyuma ya ukuta, na kama huo ni woga, basi Mungu anipe woga wa namna hiyo siku zote. Jambo moja tu aliongeza, nalo alilitoa kwenye maneno ya mzee Pillay: kuanzia sasa kila mtu wa nyumba ile, akikuta mlango umefungwa, apige hodi na angoje karibu. Hata Papa Jeremi mwenye ufunguo. Hata mimi nikitoka chooni.

Vurugu ilipokuja mjini, ilianza kama zinavyoanza zote, kwa simu. Mtu amesikia, mtu ametumiwa picha, duka fulani limefungwa. Watu wetu walikuwa wanafunga mizigo kwenda kulala kwenye mahema na uwanja wa kanisa. Papa Jeremi alikuja na gari la rafiki yake akasema tuna nafasi. Mama Neema alikuwa anakata kola. "Nilikimbia Bukavu na mimba ya Neema," akasema bila kuinua mkasi. "Nimekimbia ya kutosha. Hapa nimezika bwana yangu. Miye siendi." Espérance akasema haendi. Nikasema siendi, na sauti yangu ikatoka nyembamba lakini ikatoka. Papa Jeremi alitutukana kwa Kifaransa, akaruhusu gari liende, akabaki.

Walikuja asubuhi, chai ikiwa mezani. Kwanza filimbi kutoka upande wa roboti, zile taa za barabarani, kisha mabati yakipigwa, kisha geti la duka la simu la chini yetu likikunjwa kama karatasi. Mama Neema alifungua sefu, akaweka risasi zake, akaenda kukaa kwenye kiti cha kushonea mwisho wa korido ili mtoto asiwe mbele ya mtutu, mgongo kwenye magunia, uso kwenye mlango wa ngazi. Espérance alilala sakafuni nyuma yake na mtoto. Mimi nilipiga magoti kwenye mlango wa karakana nimeshika mkasi mkubwa, sijui wa nini. Tukasikia miguu ikipanda ngazi. Kisha mlango ukapigwa, kishindo kizito cha chini, ubao ukacheza. Ukapigwa tena.

"Piga!" Papa Jeremi alinong'ona akiwa nyuma ya mlango wa chumba chake. "Piga kwa mlango, watapasuka wote."

Tulikuwa tumezifikiria kuta zote za nyumba ile, tukaupima kila unene, na hakuna aliyekuwa ameufikiria mlango. Ulikuwa ubao mwembamba wa zamani. Mama Neema alikuwa ameelekeza mtutu sakafuni na kidole kimenyooka nje ya kifyatuo, kama alivyofundishwa. Jasho lilimtiririka kidevuni. Mlango ukapigwa mara ya tatu, na kitasa kikalegea.

"Ni nani?" akaita. Kelele za chini zilimeza sauti yake. Papa Jeremi akasema anachelewa, tutakufa. Akaita tena, kwa nguvu zake zote, "Ni nani?"

Nyuma ya ubao mtu alikuwa anahema. Kisha ikaja, imevutwa kama mtu anayeita ng'ombe, "Hooodi. Hodi wena, Mama Neema. Vula, ngiyasha."

Fungua, naungua. "Karibu," Mama Neema akasema, na mimi nikakimbia kufungua. MaKhumalo aliingia mgongo mbele, mikono yote miwili imeshika karai lake la mafuta yanayochemka, kitambaa kichwani kimedondoka, vidole vimeanza kutoka malengelenge. Alikuwa anapiga mlango kwa kisigino kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Hakuwa amekimbia. Alikuwa amewaona vijana wakilitazama karai lake na kuzitazama ngazi zetu za mbao, akaelewa wanafikiria kuzichoma moto, akalibeba kabla hawajalibeba wao. Alilitua sakafuni, akaona bunduki, akaona magunia yenye mapazia yake, akasema eish, sasa ndiyo nimeelewa. Kisha akageuka akasimama kwenye mlango uliokuwa wazi.

Walikuwa nusu ya ngazi, watu kama kumi, wengine nawajua kwa sura, wamekula magwinya yake tangu wadogo. Aliwatukana kwa majina ya ukoo wao. Aliwauliza mama zao watakula nini kesho baada ya kuiba unga wa mwanamke mzee. Mama Neema aliinuka kwenye kiti, akatembea mpaka akasimama nyuma yake, miguu ile iliyovimba, bunduki mbele ya kifua, na akasema kwa Kizulu chake kibovu maneno mawili, "Ngihlala lapha." Ninaishi hapa. Hakuinua sauti. Walituangalia, wakaliangalia karai lililokuwa bado linatoa moshi, na waliokuwa nyuma wakaanza kushuka. Kilichowarudisha kama ni bunduki, ni mafuta au ni ulimi wa MaKhumalo, kila mtu wa nyumba ile ana hadithi yake mpaka leo. Walichukua meza yake na unga na jiko la gesi. Juu hawakufika.

Mchana, tulipokuwa tukimpaka MaKhumalo dawa ya moto vidoleni, Papa Jeremi alitoka chumbani kwake akaenda kuutazama mlango. Alizigusa alama za kisigino kwenye ubao, moja baada ya nyingine, zote zikiwa usawa wa goti, akapandisha kiganja chake juu zaidi, pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa. Kisha akaja akakaa juu ya gunia.

"Ningepiga," akasema.

"Najua," Mama Neema akamjibu, akiendelea kufunga bandeji. "Ndiyo sababu ufunguo ya sefu iko kwa shingo yangu."

Kabla ya jua kuzama Papa Jeremi alikuwa anapigilia misumari kwenye meza mpya ya MaKhumalo, kwa mbao za fremu zetu zilizotobolewa risasi. Kwa kuwa ubao mmoja wa mbele ulikuwa na vitundu vya marisau, wateja waliuliza, na MaKhumalo alijibu kila mtu jibu tofauti. Miezi iliyobaki ya mwaka ule tulishona kama kawaida. Mtoto wa Espérance alijifunzia kusimama kwa kushika magunia. Mimi nilianza kupokea wateja peke yangu na kubishana nao, na siku moja mwanamume mmoja aliponiambia nirudi kwetu nilijisikia nikijibu kwa Kizulu kibovu, maneno mawili, bila kuinua sauti.

Kwa hiyo, afande, hizo ndizo risasi ulizozicheka. Zilikuwa ndogo, ndiyo. Wembamba wa reli, treni inapita. Boksi ulilolikuta karibu limejaa ndilo lile lile la mwaka ule. Zilizopungua zilipigwa kwenye jipsamu na vibaki vya sare, na yule aliyekuwa amelala nyuma ya ukuta sasa yuko darasa la tano na anavaa sare niliyomshonea mimi, yenye pindo kubwa. Yeye Kiswahili anakisikia tu, hujibu kwa Kiingereza. Sijali. Yuko hapa ajibu.

Tulipotoka kituoni mimi na Neema tulirudi Jeppestown, kwenye matanga. Korido ilijaa viti vya kuazima na sufuria, mlango wa ngazi umefunguliwa wazi na kuzuiwa kwa tofali ili wanaokuja na wanaotoka wasisumbuke. Watu walikuwa wakipita bila kuuliza, kama inavyokuwa kwenye msiba. Neema alikwenda kulala chumbani kwa mama yake, pale penye sefu tupu. Baadaye nikasikia hatua za polepole ngazini, mkono ukijivuta kwenye reli. MaKhumalo amezeeka, magoti hayamruhusu tena kupanda, na tulikuwa tumemwambia tutamshushia chakula. Alifika juu akahema. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, aliona nyuso zetu zote, na hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti.

"Hodi," akasema, bila utani wowote.

Watu walimtazama, kisha wakatazama mwisho wa korido, pale kilipokuwa kiti cha kushonea. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa siku zote jibu lilitoka huko. Papa Jeremi aliinamisha kichwa. MaKhumalo akaendelea kungoja, vidole vyake vyenye makovu vimeshika fremu ya mlango.

Nikasimama mimi. "Karibu, mama," nikasema. "Ingia."